Mrushaji wa Thamesmead

Thamesmead, London, 12 Novemba 2023

Mwanangu Mahir,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila mgongo umechoshwa na saiti ya ujenzi. Wewe je, baridi ya Amerika unaiweza?

Mechi yako ya jana tumeitazama kwa jirani yetu Mbarouk. Mwaka wa kwanza tu chuoni na wameshakupa ukotabeki kwenye huo mpira wao wa Kimarekani, uwarushie timu nzima! Mbarouk akapiga kelele, "Mwanao ana mkono au manati?" Nikakumbuka ulivyokuja mdogo kutoka Wete, ukirusha viatu juu ya kabati, na mama yako, Mungu amrehemu, anakukimbiza na ufagio. Leo nimecheka peke yangu kwenye basi, watu wakanihama.

Baba yako

20 Agosti 2024

Shikamoo baba,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mgongo vipi?

Kocha mpya kaja na mrushaji wake, mimi kaniweka benchi. Mwezi ujao tunacheza huko London. Tafadhali usije, na usiwaambie watu. Msimu ukiisha naacha mpira na chuo, narudi. Nitafutie kazi hapo saiti kwenu.

Mwanao Mahir

Thamesmead, 2 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo uko vile vile. Watu nilishawaambia zamani. Shangazi yako Ghalia kashajaza basi zima. Kazi nimekuulizia. Fomeni kasema ukifika tu unaanza, kubeba mbao na plasta.

Uwanjani nakuja.

Baba yako

Thamesmead, 23 Septemba 2024

Mwanangu Mahir,

Salamu tena, ingawa juzi tumekumbatiana. Mbavu zinauma bado, umekuwa jitu.

Shangazi yako kanuna. Mlinzi kamnyang'anya mrashi mlangoni; alitaka kuwanyunyizia marashi timu nzima kama mabwana harusi. Ndani akaniuliza, "Mahir mbona kasimama tu?"

Hukusimama tu. Kila yule mrushaji alipotoka uwanjani ulimwendea kabla ya kocha, ukamwonesha kwa mikono pa kurushia. Naye akiitikia kwa kichwa, akirudi, anarusha pale pale. Mliposhinda alikukimbilia wewe kwanza.

Benchi lile limeniuma, sikufichi. Lakini mimi nimebeba vitu vya watu hapa miaka yote hii, hajatokea mtu akanigeukia kuniuliza lolote.

Leo asubuhi fomeni kauliza, mwanao anaanza lini? Nikamwambia mwanangu ana kazi.

Baba yako