Barua Niliyoiandika Bila Jina

Magogoni, Kisauni
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada Zuhura,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe na wote mlioko hapo nyumbani Faza. Mimi mzima, nala, nalala, naenda kazini. Nilifurahi uliponiambia jicho la mama alilopasuliwa limeanza kuona, hata amekugombeza kwa mawe uliyoyaacha kwenye mchele. Nilicheka peke yangu kwenye cherehani mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini. Mwambie asikae karibu na moshi kwanza, hata akijiona amepona. Na kifua chako je? Ile dawa ya kunywa umeimaliza au umeiacha njiani kama kawaida yako? Shemeji naye sijui amerudi au bado yuko Malindi kwenye ule ujenzi. Huku mvua imenyesha siku tatu mfululizo, njia ya kwetu imejaa matope, lakini nyumba haivuji.

Najua utashangaa kupokea karatasi na sisi huzungumza kila Ijumaa. Simu yako ukiipokea unaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikia. Hili sitaki lisikike hivyo. Lisome mwenyewe kwanza.

Ijumaa iliyopita uliniuliza kama imeshajulikana kwa hakika ni nani aliyemchongea Rehema kazini kwake. Nikakwambia sijui. Nilikudanganya, dada. Ni mimi.

Wewe unamjua Rehema wa Bi Arafa tangu tukivaa kanzu za chuo cha Kurani. Tulikaa mkeka mmoja. Nilipokuja Mombasa yeye ndiye aliyenipokea kwenye basi, na miezi saba nililala kitandani kwake mpaka nikapata chumba changu. Hata hii kazi ya kushona sare za shule, yeye ndiye aliyenipeleka kwa mwenye karakana na kumwambia, "Huyu ni ndugu yangu, mjaribu." Nayasema haya usije ukadhani nimeyasahau. Siku nilipoandika ile barua niliyakumbuka yote, moja moja, na bado nikaandika.

Rehema alikuwa mapokezi kwenye kiliniki ya wajawazito, ya watu binafsi, hapa hapa Kisauni. Anaandika majina, anauliza miezi, anawaelekeza kwa nesi. Unakumbuka alivyokuwa akimwigiza ustadhi, mpaka sisi tunachapwa kwa kucheka naye yuko kimya kama hakusema neno. Kipaji hicho hakijamtoka. Mwaka jana alifungua ukurasa kwenye mtandao, kwa jina lisilo lake, amejifunika uso yamebaki macho tu, akawa anaigiza wanawake wanaokuja kiliniki. Mwanzoni vilikuwa vichekesho vya kawaida: mama anayejibu swali kwa swali, au mke anayemsukuma mumewe aseme yeye. Nilicheka. Baadhi ya hizo video ni mimi niliyemshikia simu akirekodi, na hilo pia nataka ulijue.

Sasa kazini kwetu kuna mwanamke anaitwa Kadzo, mtu wa bara ya Kilifi, Mkristo, mpole sana. Yeye anatia vifungo na kupiga pasi, meza yake iko ubavuni mwa cherehani yangu. Mumewe anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, huja mara moja moja. Kadzo ameshapoteza mimba tatu. Hii ya nne alikuwa akiibeba kama mtu aliyebeba sinia la vyombo vya watu. Alikwenda kwenye ile kiliniki kwa sababu mimi nilimwambia kuna rafiki yangu, atamhudumia vizuri.

Siku ya kupigwa picha ya tumbo, akamwuliza Rehema hapo mapokezi kama itawezekana ampigie mumewe, simu iwekwe karibu na mashine, naye asikie moyo wa mtoto unavyopiga. Rehema akamjibu vizuri tu, akamwambia amwulize nesi. Jioni akaigiza. Akaweka mto tumboni, akabandika simu juu ya mto, akazungumza kwa lafudhi ya Kadzo huku akiivuta kupita kiasi: "Baba fulani, haloo, zungumza na mwanao, nimekupa." Dada, watu walicheka mji mzima. Video ile ilizunguka mpaka ikafika karakana kwetu, wakaitazama wenzetu na Kadzo mwenyewe yupo. Yeye ndiye aliyewaambia kuwa hayo aliyasema yeye. Hakujua kwamba angeweza kunyamaza. Kuanzia hapo akipita mtaani wanamwambia, "Mama, weka simu tumboni!"

Nilimwendea Rehema nyumbani kwake. Nilimkuta anachambua mchicha.

"Ile ya simu ifute," nikamwambia.

"Niifute kwa nini? Ndiyo iliyopendwa kuliko zote."

"Yule mwanamke namjua. Nafanya naye kazi. Ni mimi niliyemleta kwako."

"Nimemtaja jina?"

"Hukumtaja. Lakini mtaani wamemjua."

"Basi wamemjua kwa maneno yake mwenyewe. Sikumsingizia."

Nikamkumbusha tulivyochekwa sisi tulipofika hapa, tukifungua mdomo tu watu wanaangaliana kwa Kiswahili chetu cha kisiwani. Nikamwambia, "Ulilia wewe, dukani kwa yule muuza vitambaa."

"Nililia, nikanyamaza, nikajifunza," akasema. "Naye ajifunze." Kisha akanipa sinia nimsaidie kuchambua, nikachambua.

Baada ya wiki mbili hivi akaweka nyingine. Hii haikuwa ya kuigiza. Alitega simu chini ya meza akarekodi sauti ya msichana mmoja mgeni, sauti hasa, anauliza jambo la aibu kwa kunong'ona kama watu wanavyomwuliza mtu wa kiliniki. Rehema akaweka na picha ya katuni inayocheka. Nikampigia, nikamwambia hii imevuka mpaka, aifute. Akasema nimekuwa mzee kabla ya siku zangu.

Kadzo naye aliisikia ile ya pili. Hakurudi tena kiliniki. Siku yake ya kwenda ilipita, ikapita na nyingine. Nikamuuliza, akasema, "Nikienda nitasema nini, nao wananisubiri niseme?" Miguu ilikuwa imemvimba, viatu havimwingii, anapiga pasi pekupeku juu ya gunia. Nilimshauri aende hospitali ya serikali, akasema kote kuna watu wenye simu.

Hapo ndipo nilipokwenda kwenye saiba, duka la kukodi intaneti, Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana. Nikafungua anwani mpya ya barua pepe isiyo na jina langu, nikamwandikia daktari mwenye kiliniki. Mistari sita. Nikasema kuna ukurasa fulani, atazame video hizi mbili, na mwenye ukurasa ni mfanyakazi wao wa mapokezi. Nikatuma, nikarudi kazini kabla ya saa nane. Nilijiambia sikutia jina ili Kadzo asijulikane. Baadaye niliona kwamba Kadzo hakutajwa popote kwenye ile barua. Aliyekuwa akifichwa ni mimi.

Nilidhani watamwita, watamkanya, atafuta. Wallahi ndivyo nilivyodhani. Alhamisi asubuhi walimwonyesha zile video, wakamuuliza kama ni yeye, akakubali. Wakamwambia akusanye vitu vyake.

Alikuja moja kwa moja karakana kwetu. Akakaa kwenye benchi la vipande vya vitambaa, akasema, "Salma, kuna mtu amenimaliza." Nikampa maji, nikamshika bega. Kadzo naye alikuwepo, hatua nne kutoka hapo, anapiga pasi. Rehema hakumtambua, au hakumtazama.

Baada ya siku chache Rehema akawa na uhakika kwamba aliyemchongea ni Bi Riziki, mama mtu mzima anayefanya usafi pale kiliniki. Sababu yake ni kwamba Bi Riziki aliwahi kumwambia si vizuri kuwacheka wagonjwa. Akaweka picha yake kwenye ukurasa, uso wazi, akaandika kwamba huyu ndiye aliyemwaga unga wa mwenzake. Watu wasiomjua hata kwa sura wakamtukana matusi ambayo siwezi kukuandikia. Mimi nilisoma yote. Nikanyamaza wiki tatu. Katika hizo wiki tatu ndipo uliponiuliza na wewe, na nikakujibu vile.

Bi Riziki anateka maji pale tunapoteka sisi. Jumamosi jana nilimkuta kwenye foleni. Mbele yake palikuwa na nafasi na nyuma yake pana nafasi, wanawake wamesogea kama ana ugonjwa. Alikuwa akisema, bila kumwambia mtu maalumu, "Mimi hata huo mtandao siujui kuufungua. Simu yangu ni ya vibonye." Akaniona, akanambia, "Mwanangu, wewe ni rafikiye. Mwambie si mimi."

"Abee," nikasema. "Nitamwambia."

Niliacha ndoo zangu palepale nikaenda. Rehema alikuwa uani anafua. Sikukaa.

"Si Bi Riziki," nikamwambia. "Aliyeandika ni mimi."

Alikuwa na shuka mkononi anaikamua. Aliendelea kuikamua mpaka haikutoa tena hata tone, ndipo akaiweka kwenye beseni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia ufute. Mara mbili."

"Uliniambia nifute. Hukuniambia kwamba utaandika. Ungeniambia utaandika ningefuta siku ileile."

Pengine angefuta. Pengine angenicheka. Sikumpa nafasi ya kuchagua, kwa sababu niliogopa atanichukia, na sasa ananichukia vilevile.

Akaniuliza, "Humo kwenye barua uliniita nani?"

"Mfanyakazi wenu wa mapokezi."

"Hata jina hukunipa." Akachukua shuka nyingine. "Ondoka, Salma."

Kabla ya maghribi alikuwa ameiondoa picha ya Bi Riziki, akaandika kwamba alimkosea mtu na anamwomba radhi. Nimesikia pia alikwenda kwake kwa miguu yake, wakakaa ndani kwa muda. Mimi hakunitaja. Tangu jana nafungua ukurasa wake kila baada ya muda mfupi, nikitazamia kuona uso wangu. Haumo. Ingekuwa afadhali kwangu kama ungekuwemo.

Kuhusu Kadzo, habari ni njema. Wiki iliyofuata baada ya Rehema kuachishwa kazi nilimkokota mpaka hospitali ya serikali, nikakaa naye foleni nikimsemea mimi. Presha yake ilikuwa juu sana, wakamlaza palepale. Amejifungua kwa kupasuliwa, mtoto wa kike, mdogo lakini ananyonya, na mumewe amekuja. Kadzo hajui kitu kuhusu barua yangu. Nilipokwenda kumtazama alisema, "Kumbe yule rafiki yako wa kiliniki walimfukuza. Maskini, ana watoto?" Nikamwambia hana. Akasema, "Afadhali," akageuka kumfunika mwanawe. Siwezi kusema kama ningenyamaza mambo yake yangekuwa vipi. Watu wengine wangesema nilifanya sawa. Mimi kuhusu kuandika sijuti sana. Najuta kuandika bila jina, na zile wiki tatu.

Nina ombi moja, nalo ni zito. Uliniambia kwamba Bi Arafa kila akimaliza kusali anamtaja yule mwanamke wa usafi na kumwombea mabaya kwa kumharibia mwanawe. Sidhani Rehema amemweleza mamake kwamba si yule mama, wala sidhani ataeleza. Nenda kwa Bi Arafa, mkae wawili, umwambie ni mimi. Rehema alikosa nini, usilitaje. Hilo ni lake mwenyewe kulisema akitaka. Wala usinitetee. Akikufukuza, toka bila kujibu.

Mama mpe salamu na umbusu mkono, ila haya utamweleza pole pole, jicho likipona kabisa. Shemeji msalimie, na wanao wote watatu. Sare zao ziko tayari, nitampa mtu wa basi. Msalimie mjomba fundi na mkewe, na shangazi wa ng'ambo ya kisima, mwambie nimempata yule daktari wa mifupa aliyemtaka.

Bi Arafa atakuuliza kwa nini sikumwambia mwenyewe. Mwambie nimempigia mara mbili leo asubuhi. Kila alipopokea aliniita mwanangu, akauliza kama nimekula, na mimi nikaishia kumwuliza habari za kuku wake.

Mdogo wako,
Salma