Kisahani Ulichonirushia

Mpendwa Baba Mkwe,

Ulipokuwa hai sikuwahi kukuita hivi uso kwa uso. Nilikusalimu nikiwa nimepiga magoti, macho yangu kwenye majani, nawe uliitikia ukitazama ziwani. Chochote nilichokupa, hata maji ya kunawa, nilikiweka chini nikarudi nyuma ndipo ukakichukua, na chochote ulichonipa ulifanya vivyo hivyo. Ndivyo tulivyolelewa wote wawili, na sikuona ubaya. Leo nakuandikia barua, na ninaiandika wazi ili isomwe Musoma, Bunda na Butiama, maana kuna watu wamelitumia jina lako na mimi nimeshindwa kunyamaza.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kamati ya mashindano ya kisahani, kile cha kurushiana, ilikaa pale Mwisenge, hapa Musoma. Mfanyabiashara mmoja wa viatu vya mtumba amejitolea kutupa jezi, kombe, na visahani vipya vilivyofungwa kwenye nailoni. Ana sharti moja: wanawake walioolewa watoke uwanjani. Anasema wateja wake hawapendi kuona mke wa mtu akikimbizana na wanaume. Sisi tutapika. Wanaume wakazipapasa zile jezi, na kweli zilikuwa nzuri, sikatai. Kisha mmoja wao, ambaye ulimfahamu na leo nitamfichia jina kwa kuwa nina adabu kumshinda, akasema, "Hata mzee wa Bukima angekuwepo angekubali. Yule alikuwaga mtu wa mila."

Mzee wa Bukima ni wewe. Mwanao Mafuru, mume wangu, alikuwa amekaa palepale, akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Baba, nataka tukumbuke pamoja, mbele za watu, ili anayesema ungekubali ajue anamsema mtu gani.

Nilikuja nyumbani kwako Bukima na sanduku la bati, na ndani yake, chini ya vitenge viwili, kulikuwa na kile kisahani. Kilikuwa cheupe, cha plastiki, kipana kama sinia dogo. Tuliachiwa shuleni na mwalimu wa hisabati wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyetufundisha kukirusha alipochoka kutufundisha milinganyo. Wenzangu wa Musoma walinipa nikitunze, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kukirusha kikapinda njiani na kumkuta mtu aliyejificha nyuma ya mtu. Mama mkwe alikiona siku nafungua sanduku akauliza, "Hii ni ya kufunikia uji?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa bibi harusi wa siku chache, ningesema nini?

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliana, na nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Lakini kila mwaka, pamba ikishauzwa, tulikutana kucheza, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao. Watu wa Bunda walikuja juu ya marobota kwenye lori la pamba, wameshikana wasianguke. Watu wa Butiama walikuja kwa baiskeli ambazo matairi yake yalijazwa majani makavu kwa kuwa mipira ya ndani haikupatikana. Hatukuwa na kombe. Kisahani kilikuwa kimoja tu mkoa mzima, na walioshinda walikaa nacho hadi mwaka ufuatao. Basi ndiyo ilikuwa zawadi, na tuliigombania sana.

Ulinikataza? Hapana. Wazee wenzio walikukalia kikao wakasema mkamwana wako anavaa kaptula. Nilisikia nikiwa jikoni. Uliwaacha wamalize pombe yao, ukasema, "Mume wake anacheza na yeye. Muulizeni huyo." Wakaenda kumuuliza Mafuru, naye wakati ule alikuwa bado na ujasiri, akawajibu kwamba bila mke wake timu ya Musoma haina mrushaji.

Kisha kisahani kikapasuka. Kiligonga jiwe, ufa ukaingia kutoka ukingoni hadi katikati, na duka zima la ushirika lilikuwa na viberiti na chumvi ya mawe tu. Nililia, Baba, na sikulia sirini. Wewe ulikuwa nje unashona nyavu. Asubuhi iliyofuata nilikikuta mlangoni pangu, kimewekwa chini juu ya jani la mgomba. Ulikuwa umetoboa vitundu kwa msumari wa moto pande zote mbili za ufa, kama watu walivyokuwa wakiziba mabeseni, halafu ukaushona kwa uzi wa nyavu, ule mweusi wa nailoni, mshono mdogomdogo, umebana. Ulikuwa umeshapanda mtumbwi. Nilikirusha uani kujaribu. Kilikwenda kikitetemeka kidogo kisha kikanyooka.

Mwaka ule mashindano yalikuwa kwetu Musoma, uwanja wa karibu na ziwa, nawe ulikuja kuangalia mshono wako. Kwa wasioujua mchezo, ni hivi: watu saba kwa saba, wanaume na wanawake pamoja. Aliyekishika hatembei, anamrushia mwenzake, na ukikidaka nyuma ya mstari wa wapinzani ni goli. Kikigusa chini, kinakuwa chao. Ulimuuliza Mafuru, "Mwamuzi yuko wapi?" Akakwambia hakuna, kila mtu anajiamua mwenyewe, ukimsukuma mwenzio unasema mwenyewe kwamba umemsukuma. Ulicheka ukasema, "Hiyo watu wa Bunda watawezaga kweli?"

Tulifungana na Bunda mpaka goli la mwisho. Mafuru akakirusha juu, kirefu, nami nikakikimbilia, kikawa kinashuka taratibu mbele yangu kama kinanisubiri. Nikanyoosha mkono, na nyuma ya mkono wangu nikakuona wewe, umesimama hapo mstarini. Magoti yangu hayakuniuliza. Nilipiga magoti katikati ya mbio, nikateleza kwenye nyasi, nikasema, "Shikamoo Baba." Kisahani kikaanguka pembeni yangu taratibu kabisa. Uliitikia marahaba ukitazama ziwani.

Uwanja mzima ulicheka mpaka watu wakakaa chini. Bunda walikiokota, wakatufunga, wakaondoka nacho juu ya lori wakiimba shikamoo baba, shikamoo baba. Kwa mwaka mzima sikwenda sokoni bila mtu kunipigia magoti. Niliapa sirudi tena.

Nilirudi. Unajua kwa nini? Asubuhi moja ulipita nje ya jiko langu, ukaongea na kuku, maana ndivyo ulivyonisemesha ukiwa na neno zito. Uliwaambia wale kuku, "Uzi wangu uko Bunda. Sijautoa bure." Ukaenda zako. Siku hiyohiyo nilianza mazoezi, na kwa kuwa kisahani hatukuwa nacho, nilirusha mfuniko wa sufuria. Mama mkwe akajua sasa kwamba siku ile nilimdanganya kuhusu uji.

Tukaenda Bunda. Nao, Baba, walikuwa wamejiandaa kwa akili mbaya sana. Makoye, nahodha wao, alikupokea kwa heshima zote, akakupigia magoti yeye mwanaume mzima, akakuletea kiti cha mgongo, akakiweka nyuma ya mstari wao wa goli, katikati kabisa. "Mzee wetu akae hapa, pana kivuli." Hapakuwa na kivuli chochote. Nilipokiona kile kiti nikaelewa. Upande ule ndio tuliotakiwa kufunga, na pale ulipokaa mimi nisingeweza kufika.

Nilicheza nikikuzunguka, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa, unisamehe mfano huo. Kila kisahani kilichokwenda katikati nilikiacha. Wenzangu walikasirika. Tulikuwa nyuma, jua limeshaanza kulala, ndipo kisahani kilipotoka nje, kikaserereka hadi miguuni pako. Ilikuwa zamu yetu kukirudisha, na mrushaji ni mimi. Nikaja, nikasimama mbali, macho chini, nikingoja ukiweke kwenye nyasi urudi nyuma kama siku zote.

Hapo wazee wa Bukima waliokuja na wewe wakaona wamepata nafasi yao. Mmoja akasema kwa sauti, "Mwambie sasa. Mbele ya watu hawa. Mwambie avae nguo akae na wanawake wenzake." Watu wakageuka kukutazama. Hata Makoye aliacha kucheka, kwa sababu mzaha wake ulikuwa umefika mahali ambapo hakuupeleka. Nilijua ukisema neno moja tu, nitavaa kitenge changu na sitacheza tena maisha yangu yote. Ningekutii. Na nilikuwa nikikuomba moyoni usiseme.

Ulikiinua. Ulikigeuza, ukapitisha kidole kwenye mshono wako. Kisha, badala ya kuinama, ulinyoosha mkono ukanirushia.

Ulirusha vibaya, Baba. Tangu lini mvuvi akarusha vile? Kilipanda juu, kikayumba, kikaenda kushoto kabisa. Nilikifuata nikajitupa kwa ubavu na kukidaka kikiwa kimebakiza kidogo kugusa nyasi. Niliinuka nimekikumbatia kifuani, macho chini. Hukunipa mkononi. Hukukiweka chini. Mpaka leo hakuna mzee aliyeweza kuniambia ulivunja mila gani.

Ukawageukia wenzio ukasema, bila haraka, "Wamesema wenyewe hii mchezo haina mwamuzi. Kila mtu anajiamua. Basi na mimi nimejiamua." Halafu ukakibeba kile kiti cha Makoye, ukakipeleka kwenye kona ya mbali, nje ya njia yangu, ukakaa. "Endeleeni," ukasema.

Tuliwafunga. Makoye mwenyewe alinisukuma kwenye goli la mwisho, akanyanyua mkono akasema, "Nimemsukuma, ni yao." Nilimpenda siku ile, na tumekuwa marafiki hadi leo. Tulirudi Musoma na uzi wako.

Tangu hapo hukupokea kiti cha mtu. Ulibeba kigoda chako mwenyewe, kile cha miguu mitatu, ukaenda nacho Butiama, ukaenda nacho Bunda, ukachagua mwenyewe kona ya kukaa. Aliyekukaribisha kwingine ulimwambia, "Mimi najiwekaga mwenyewe." Miaka ya foleni ikapita. Maduka yakajaa, viwanda vikaja kuchukua minofu ya sangara tukabaki na mifupa, lori la pamba likaacha kuja kwa wakati. Vijana wakaanza kucheza na raba za mtumba zenye majina tusiyoweza kuyasoma. Wewe ulikuwa kwenye kona yako. Mwaka wa mwisho hukuona vizuri tena, ukawa unamuuliza mjukuu wako, "Mama yako amekidaka?" Nilikuwa nakusikia kutoka katikati ya uwanja.

Umelala sasa Bukima, karibu na pale ulipokuwa ukianika nyavu. Siku ya maziko walinipangia nikae nyuma na wanawake wa jikoni, nikakaa, nikapika, nikakulilia nikiwa naosha masufuria. Nimekumiss Baba, sina neno la Kiswahili linalotosha, nimetumia hilo la vijana. Nakumbuka kukohoa kwako nje ya jiko, ukinipa nafasi ya kufunga kitenge kabla hujapita.

Kwa hiyo Jumapili nilisimama pale kikaoni. Nilisema sipiki. Nimepika miaka yote, nitapika tena wakati mwingine, lakini siku ya mashindano sipiki. Nikasema kisahani kilichoshonwa kiko ukutani kwangu kwa sababu mwaka jana tulishinda sisi, na mashindano yako kilipo hicho kisahani. Wenye jezi wavae jezi, wenye kombe wanywee chai. Nimeshazungumza na akina mama wa Bunda na wa Butiama. Wote wanakuja, na wamesema wakikuta masufuria uwanjani watayageuza wayakalie. Yule bwana wa viatu akauliza, "Mama, wewe ni nani hasa kwenye kamati?" Nikamwambia mimi ni mrushaji.

Mafuru alitembea mbele yangu njia nzima kurudi nyumbani. Nilimkasirikia, na bado nimemkasirikia. Lakini leo jioni nimemkuta ameketi mlangoni na ule uzi wako mweusi uliobaki, anakaza mshono mahali ulipoanza kulegea. Hana mkono wako, anashona kama anafunga gunia. Alipomaliza alinyanyua macho akasema, "Kesho unacheza nafasi gani?" Nikamwambia ile yangu.

Kesho tunacheza na Bunda, na mimi nitakuja na mzigo mmoja wa ziada. Kigoda chako kimekaa pembeni ya kitanda cha mama mkwe tangu ulipoondoka, na hakuna aliyekigusa, mimi nikiwa wa mwisho kabisa kuruhusiwa. Jioni hii nimemwomba. Amekifuta vumbi kwa kanga yake. Hakukiweka chini. Amenipa mkononi.

Nitakibeba kichwani mpaka uwanjani na kukiweka kwenye ile kona yako ya mbali, nje ya njia yangu, watu wote wakiona. Kisha nitaingia kucheza. Na yule anayejua kwamba wewe ungekubali, aje akikalie.

Pumzika, Baba. Shikamoo. Safari hii nakusalimu nikiwa nimesimama.

Mkamwana wako,
mke wa Mafuru, mrushaji wa Musoma