Mbeleko Uliyonitumia

Mbeya,
7 Juni 1955

Kwa dada yangu Mwanakhamisi binti Makame, Kilwa Kivinje.

Assalaam aleikum. Huu ni mwaka wa ishirini na sita tangu nipande lori na Othmani kuja huku bara, na katika miaka yote hiyo sijapata kukaa muda mrefu hivi bila kukuandikia. Nisamehe. Naomba barua ikukute salama, magoti yamepoa na wajukuu wanakusikiliza. Ada inataka niseme kwamba nami ni mzima. Neno hilo leo nimeliruka, na ukisoma mbele utajua kwa nini.

Huku ni kipupwe. Asubuhi majani ya nyuma ya nyumba huwa meupe kwa sakitu. Othmani yuko salama dukani kwake, akibishana na wateja juu ya urefu wa yadi.

Dada, katika barua zako tatu umeniuliza jina la mtoto. Mtoto hayupo. Hakufa, hakuwapo tangu mwanzo.

Nilipokuandikia mwaka jana kwamba nina mimba, sikukudanganya. Damu ilikuwa imekoma na tumbo limepanda. Jirani yangu Sekela, Mkristo wa mlimani anayelima viazi, alilitazama akasema ni uzee na ugali mwingi. Tukacheka, na baadaye hata yeye akaamini. Mimi niliyewasomesha wasichana wa chuo cha Kurani kisa cha Bi Sara, mke wa Nabii Ibrahimu, aliyezaa uzeeni, nilijiona nimeandikwa mle mle. Nikakataa kupimwa. Nilisema mwanamke wa miaka hamsini hapeleki baraka yake kwa wanaume wakaitazame. Mbeleko uliyonitumia niliipokea mbele za watu, wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele vile navisikia hadi leo.

Mwezi wa kumi tumbo likaniuma hata nikashindwa kusimama. Othmani akanipandisha basi la kwenda hospitali ya Iringa, na nguo za mtoto nikazibeba mwenyewe mapajani, njia nzima. Nilipozindukana baada ya kupasuliwa, nikauliza ni wa kike au wa kiume. Dresa, yule mfunga vidonda aliyemtafsiria daktari, kijana aitwaye Yotamu, akainamisha kichwa. Akanieleza kwamba wametoa uvimbe mkubwa kama boga, ulioota kwenye kifuko cha mayai. Nilimjibu kwa hasira kwamba mimi si kuku. Akaniambia kwa adabu, akiniita mama, kwamba kila mwanamke anavyo viwili. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, nami nikajifunika uso kwa shuka.

Daktari alisema kifuko kimoja wamekiacha, na kwamba hawezi kuapa kuwa ugonjwa wote umetoka. Nikisikia maumivu mapya nirudi upesi. Othmani hakuwapo, alikwenda kuswali. Aliporudi nilimwambia kwamba uvimbe umetoka, nikanyamaza hapo. Tulipofika Mbeya akachinja mbuzi akaita watu, na wale wale wa vigelegele wakanisomea dua ya shukrani.

Maumivu mapya yamekuja, dada. Yalianza katikati ya Ramadhani, upande wa kulia, mbali na kovu. Huja nikisujudu. Sasa naswali nimeketi, na wanafunzi nawaambia ni baridi ya magoti. Sijui kama ni kovu linajivuta ndani, au ni uvimbe mwingine, au ni mwisho wangu. Huko kutojua kunanichosha kuliko maumivu yenyewe. Kila nikiwa peke yangu najipapasa tumbo kuona kama limepanda. Mwaka jana nilifanya hivyo hivyo kwa furaha.

Na hili sijamwambia mtu. Mbeleko yako sikuitoa sadaka wala sikuifungia sandukuni. Naivaa. Naifunga tumboni ndani ya nguo, kwa nguvu, maana ikikaza maumivu hupungua.

Sekela aliiona juzi uani, niliposhika ukuta ili nisianguke na kanga ikanifunguka. Nilidhani atanicheka. Alisema mimi na haya zangu za pwani tutazikwa kaburi moja, na kwamba Ijumaa ataviacha viazi vyake anisindikize Iringa, nitake nisitake, ila kwanza nimwambie mume wangu.

Kwa kinywa siwezi. Nimejaribu, nikaishia kumuuliza kama chai ina sukari. Lakini wewe wajua barua zangu hupitia kwake: huzisoma, huongeza salamu zake chini, ndipo huzipeleka posta. Hii nayo nitaiacha mezani bila kuifunga.

Wasalimie wajukuu, na kaburi la mama ulipitie kwa niaba yangu. Uliniita nije nimlete mtoto. Najua sasa utaniita nije niuguzwe. Usiniite. Walionipigia vigelegele wako hapa, na hapa ndipo inanipasa niwatazame usoni. Kilwa sitarudi.

Ni mimi mdogo wako,
Mwantumu binti Makame

Shemeji, salamu nyingi. Nimesoma yote. Hatungoji Ijumaa, kesho duka nalifunga, twende Iringa sote watatu. Mbeleko nimemwambia asiivue.
Othmani