Michembe Itoke Mwisho

Kolandoto, Shinyanga
18 Februari 2024

Mdogo wangu Violeth,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila Baba Eunice anakohoa wiki ya pili sasa, na hospitali anaiona kutoka mlangoni, haendi. Mama anakuulizia kila asubuhi kama unakula. Unakula? Na shemeji Edson na studio yake hawajambo?

Nimeamua tuandikiane, maana kwenye simu nikipandisha sauti kidogo unasema mtandao unasumbua. Barua haina mtandao. Nimempa Mwigulu, yule wa mizigo kwenye basi la Geita, nikamwambia akukabidhi mkononi hapo saluni, asiwaachie wateja wako wakaisoma huku wanasukwa.

Sasa sikia. Nyimbo ni nne. Maneno yote nimetunga mimi huku napepeta mahindi. Katika tatu unaongoza wewe, mimi naitikia. Katika moja tu, Michembe, naongoza mimi. Leo Eunice ananiambia ameona kwenye simu yake kwamba nyimbo zitatoka moja moja, na Michembe itatoka ya mwisho, mwezi wa saba. Mwanangu ndiye ananiambia, si wewe!

Wewe ulikuwa na miaka mitano, huwezi kukumbuka mashindano ya mwaka ule. Baba marehemu alikuwa anaongoza ngoma upande wetu, na wapinzani wake wanacheza saa ileile, uwanja uleule, watu wanakimbilia kwa anayewapendeza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba akaniambia, wewe Asteria subiri, wimbo wako ni wa kumalizia. Nikasubiri na shanga zangu tangu mchana. Zamu yangu ilipofika watu wote walishahamia upande wa pili. Kwetu alibaki baba, ngoma zake na mbwa wa jirani. Sikuimba. Tangu siku hiyo mtu akiniambia nisubiri mwisho, naona uwanja mtupu.

Panga upya. Michembe itoke ya kwanza.

Ni mimi dada yako,
Asteria

*

Geita
27 Februari 2024

Dada Asteria,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, mwambie mama nimenenepa. Edson anakusalimu. Baba Eunice mpeleke hata kwa kumburuza.

Kutokukwambia mapema ni kosa langu, nisamehe. Kwa mpango wenyewe siombi msamaha.

Dada, sisi hatuna meneja wala kampuni nyuma yetu. Tukimwaga nyimbo nne siku moja, watu watasikiliza moja na tatu zitalala. Tukitoa moja kila baada ya wiki sita, kila wimbo unapata siku zake. Kwanza tunawaonjesha kipande, halafu unatoka, halafu naupeleka redioni na kwa madereva wa mabasi, halafu tunanyamaza kidogo watu wapate hamu. Karasha inatoka Ijumaa hii, tarehe moja, kwa sababu inachezeka. Wachimbaji wataipiga wakiwa wanasaga mawe kwenye karasha zao hata kama hawatujui. Wimbo wa Nimeshuka Buseresere ni tarehe 12 Aprili, wa Usinipigie ni 24 Mei. Michembe ni 5 Julai, watu wameshavuna, wana nafasi ya kukaa na kusikiliza wimbo wa kutulia.

Edson anasema wimbo wako ndio mzito kuliko yote. Na michembe yenyewe, dada, nani anaila wakati viazi vibichi vipo? Mama anaikausha, anaiweka, tunaifungua wakati hakuna kitu. Maneno hayo umeyatunga wewe mwenyewe.

Zile nyimbo nilizomtumia Eunice ni za masikio yenu tu. Tafadhali zisitoke hapo.

Mdogo wako,
Violeth

*

Kolandoto
10 Machi 2024

Mdogo wangu Violeth,

Marahaba. Huku tunaendelea. Baba Eunice amekubali dawa baada ya mimi kulia.

Karasha nimeisikia mara tatu leo. Kwa kinyozi, kwenye bajaji, na kwa Eunice anayeicheza badala ya kuosha vyombo. Hongera. Nimeandika hongera, usije ukasema sikuandika.

Ila picha ya wimbo! Gauni jekundu, umeegemea gari la watu, na jina langu liko chini kwa herufi za kusomwa na mwenye miwani. Halafu wimbo umeisha, nasubiri kimya, nasikia mtu anaguna. Mmm, mmm, sekunde kumi. Kumbe ni mimi! Mmechukua mwanzo wa Michembe, pale ninapoimba mdomo umefumba, mkaubandika mkiani mwa wimbo wako. Nimekuwa kamba ya kufungia gunia lako?

Nakuambia kweli, mdogo wangu, ninaumia. Jirani yangu Philomena kaniuliza kama na mimi niliwahi kuimba. Niliwahi!

Dada yako,
Asteria

*

Geita
21 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini kifua cha Baba Eunice kimetulia na mama analala vizuri. Mimi nimechoka tu, natoka saluni nakwenda kuzungusha wimbo kwenye baa na stendi.

Buseresere imepokelewa kuliko Karasha. Dereva mmoja wa Chato anaipiga kila akikaribia kituo chenyewe, abiria wanaimba. Na ule mguno wako nimeuweka tena mwishoni, usikasirike. Soma wanachoandika watu, nimekunakilia: “Huyo mama anayeguna ni nani?” Mwingine: “Mbona mnatukatia pale panapoanza kunoga?” Wako wengi, dada. Wanakuulizia wewe.

Nina ombi. Viazi vikianza kutoka, Eunice akupige picha ukiwa unaanika michembe, na ungo wako, na kitenge cha siku zote. Nina kazi nayo.

Mdogo wako,
Violeth

*

Kolandoto
3 Mei 2024

Violeth,

Marahaba. Wote wazima.

Wewe gauni jekundu na gari, mimi ungo na kitenge cha jikoni. Wewe wanakuita mrembo, mimi wananiita mama anayeguna. Nina miaka thelathini na minane, Violeth. Nikivaa napendeza bado, muulize Baba Eunice.

Nilikubeba mgongoni hadi ukajua kutembea, na wimbo wa kwanza umejifunzia hapo hapo mgongoni kwangu. Leo nakusikia kila nikienda kisimani, na kila mtu ananiambia mdogo wako ana sauti, mdogo wako ana sauti. Mwambie Edson naye kwamba nimechoka kusifiwa uzito. Mzigo nao ni mzito, ndiyo maana unawekwa nyuma.

Picha sipigi.

Asteria

*

Geita
12 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui nyie mnaendeleaje, hata nguvu ya kuuliza vizuri sina.

Michembe imevuja. Kampuni inayotuwekea nyimbo mtandaoni inataka wimbo wiki nne kabla, kwa hiyo niliupeleka Ijumaa iliyopita. Jumatatu wakanijibu kwamba umekataliwa, tayari upo, una mwenyewe. Nikautafuta. Mtu nisiyemjua ameupandisha, ameweka picha ya bibi kizee wa nchi nyingine kabisa, ameuita “Mama wa Kisukuma Aimba kwa Uchungu.” Jina lako halipo. Langu halipo. Unasikilizwa kuliko nyimbo zangu tatu ukizijumlisha, na wanaandika kwamba hatimaye wamempata mama anayeguna.

Wimbo huu ulikuwa na watu watatu tu. Mimi, wewe na Edson. Nilikwenda studio nikamwita mwizi mbele ya wanakwaya waliokuwa wanarekodi. Akasema, “Muulize dada yako.” Nikamzaba kofi, dada. Nikamwambia dada yangu hawezi.

Jana Edson amefunga studio na kuondoka, wanasema yuko Kahama. Wazazi wake walikuwa waje kwa mama mwezi wa nane kuleta posa. Usimwambie mama bado.

Niandikie upesi. Sina mtu mwingine.

Violeth

*

Kolandoto
17 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole sana. Watu wa mitandaoni ni wabaya, hata sijui nikwambie nini. Jikaze, ule.

Huku tunaanika viazi. Mama hajambo.

Dada yako,
Asteria

*

Kolandoto
9 Julai 2024

Violeth,

Sianzi na salamu kwa sababu sistahili uniitikie.

Tarehe tano imepita. Asubuhi nilikaa na simu ya Eunice kama mtu anayesubiri mgeni, na najua fika mgeni haji, maana nimemfungia mlango mimi.

Ni mimi. Tarehe 24 Mei ilipotoka Usinipigie, nilisikiliza hadi mwisho, nikajisikia naguna tena. Kesho yake, Jumamosi, kulikuwa na harusi hapa kwa jirani. Wakaipiga hiyo Usinipigie, watu wakaicheza wakairudia. Mwimbishaji wa kwaya akanishika mkono, akasema, “Mama Eunice, ungekuwa na hata nusu ya sauti ya mdogo wako!” Nikacheka. Nikatoka na vazi langu la harusi vilevile, na simu ya Eunice mkononi, nikapanda bajaji hadi stendi ya Shinyanga kwa yule mama anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi. Nikampa Michembe. Nikamwambia mwekee kila anayekuja. Akaipiga kwa sauti, Violeth, na mwanamke mmoja aliyebeba tenga la kuku akaliweka chini akasimama hadi ikaisha. Nilifurahi kama mwehu. Nilikuwa na miaka kumi na saba tena, na uwanja umejaa.

Sikumwambia jina langu. Katika haraka yangu ya kutaka nijulikane, jina ndilo nililolisahau.

Barua yako ya mwezi wa sita niliisomea shambani. Pale uliposema dada yangu hawezi, nilikaa chini kwenye matuta. Na bado nikakuandikia pole. Nilikuwa na wivu, mdogo wangu, na nilipoona umempoteza Edson nikawa na hofu, na vyote viwili ni vyangu.

Edson nimempata kwa namba ya binamu yake. Nimemwambia ukweli wote. Alisikiliza, akasema, “Nimekusikia, dada,” akakata. Mama naye nimemwambia. Hajaongea na mimi siku ya tatu leo.

Eunice amenipiga ile picha uliyoitaka, ya ungo. Ninaitia humu ndani. Ukitaka ichane.

Asteria

*

Geita
22 Septemba 2024

Dada Asteria,

Shikamoo.

Mama hajambo? Baba Eunice hajambo? Barua zako mbili za mwezi wa nane nimezipata, sikuzifungua. Mwigulu amenibembeleza nijibu hata mstari mmoja, anasema ukimwona hapo stendi unamkimbilia kabla basi halijasimama.

Edson hatarudi. Nilimfuata Kahama nikamwomba radhi. Alinipa soda, tukaongea vizuri, akasema anaweza kuishi na mwanamke aliyempiga kofi ila si na aliyemwita mwizi mbele ya watu. Kwa hiyo hilo limekwisha. Kuna siku nakuchukia, dada, sitakudanganya. Jumapili hasa, maana Jumapili mimi na Edson tulikuwa tunapika pamoja.

Lakini nimekaa na jambo hili miezi miwili na lazima nikwambie, kwa sababu wewe umesema lako lote.

Siku ya kwanza tuliporekodi, ulipomaliza Michembe, Edson alivua zile spika za masikioni, akaniambia kwamba nyimbo zangu tatu ni za kufagia njia. Alisema kwa mzaha. Mimi sikucheka. Mpango wa wiki sita ni wa kweli, mguno mwishoni ni wa kweli, na kwenye picha ile ya ungo, ya kutangaza Michembe, nilitaka ukae peke yako. Ila nilipoiweka Michembe mwezi wa saba, moyoni nilihesabu hivi: angalau nina miezi minne kabla hawajamsikia Asteria. Baada ya hapo nani atataka sauti yangu? Uliponiandikia kuhusu baba na mbwa wa jirani, nililia, na bado sikubadilisha tarehe. Ningeweza kuisogeza. Kila mara nilijiambia ni mpango.

Kwa hiyo kila ulipolalamika nilikasirika, kwa sababu ulikuwa umenigusa penyewe.

Kampuni imesema kumwondoa yule mwizi kutachukua muda, lakini tukirekodi upya, rekodi hiyo ni yetu na haizuiliki. Nimeongea na Eustace mwenye studio Katoro. Njoo Jumamosi tarehe 12 Oktoba. Usije kulala kwangu, moyo wangu bado haujafika huko. Utalala kwa mke wa Eustace, ni mtu mzuri.

Tutaitoa Novemba, magunia ya michembe yakiwa yameanza kufunguliwa. Picha yako sikuichana. Jina lako litakaa juu, herufi za kusomwa hata kwenye basi linalokimbia.

Utaongoza wewe, utaitikia wewe, wimbo wote wako. Nimemwomba Eustace kitu kimoja tu, aniachie sekunde kumi za mwisho. Nitaguna mimi.

Mdogo wako,
Violeth