Baba Mukwe Anapandisha Voltaje, Mi Nashusha

Mama Lisette wa redio, asalaam aleikum, mi ni Shakuru wa Nyakabiga, nilisoma kidogo tu basi usicheke mwandiko, nisaidie na jambo moja, ingine yote iko muzuri alhamdulilahi, nimeposa Soumaya na baba yake Mzee Amissi amekubali, ndoa ni kisha Ramazani, na amenipa kazi tuchunge pamoja batri ya micro, kipaza sauti ya musikiti, ile inasaidia azana isikike kama courant, umeme, imekatika. Batri yenyewe imefungwa kabisa, haina mahali pa kutia maji, inashinda na kulala ku chargeur. Sasa Mzee alikuwa fundi wa macamion, malori makubwa, kwake batri ni kitu ya kulisha, anakaza kavisi, kaskurubu ka chargeur, mupaka namba inaandika volti 14,7, anasema, "Batri yenye njaa haiiti watu kuswali, kijana." Ile ya kwanza ilivimba tumbo, akaifungua na kisu akatia maji kama ya camion, ikakufa. Hii mupya mi nayiangalia sana, nikiweka mukono nasikia moto, basi yeye akienda kutawaza kabla ya swala nashusha kidogo, naweka 13,6 kwa sababu hapo inapoa, asubui nakuta imerudi 14,7, nashusha, anapandisha, na hakuna mwenye anasema kitu, tunakunywa chai tunacheka vizuri. Soumaya ananiambia, "We utaoa mi ama utaoa chargeur? Mwambie baba!" Mudomo unakuwa muzito, Mama. Nani kati yetu iko na haki, na nikisema, si ataninyima binti? Na ikikufa tena mu Ramazani azana inanyamaza, na mi njo nitaonekana nimeiharibu.

Shakuru

Shakuru mwanangu, mukono wako ni muzuri, mudomo njo mugonjwa.

Nimeuliza Gélase, fundi wa batri kule Gihosha. Batri ya volti 12 ya namna hiyo, ikikaa ku chargeur siku zote, inataka 13,5 mupaka 13,8, na kwa joto yetu hii mubaki karibu na 13,5. Ukizidisha, maji ya ndani inakauka polepole na hakuna mulango wa kuyarudisha. Ukishusha sana nayo haishibi, inakufa vilevile. Basi wacha kupima na kiganja! Namba ya chargeur nayo inadanganya. Weka testeur, ile ya kupima volti, ku vichwa viwili vya batri. Na ikivimba, itolewe; kisu apana, ndani kuna asidi.

Lakini usianze kujipongeza. Ku mubavu wa batri kunakuwaga mistari mbili ya maandishi. Ya "cycle" ni ya batri inatumika ikaisha, kisha inajazwa: hapo njo kuna 14 na kitu. Ya "standby" ni ya batri inakaa ikingoja, kama yenu. Mzee hakubuni, alisoma mustari wa jirani.

Na we, kumuzunguka mukwe akiwa anatawaza, ni adabu gani hiyo? Fundi wa macamion anakuta visi imeshuka kila siku, unafikiri hajui ni mukono ya nani? Anajua. Na bado anakumiminia chai. Anangoja kusikia sauti yako, ni yote.

Ijumaa, kisha swala, chukua testeur na tochi, mwambie, "Baba, tusome pamoja huu mustari." Yeye njo azungushe visi, we usome namba. Kisha omba Soumaya rangi yake ya kucha, atie tone moja juu ya visi, isiguswe tena na mutu. Hapo wote watatu mutakuwa mumeweka mukono.