Kura za Sabuni

Jumatatu, 3 Februari
Nimepima vipande vya sabuni vya asubuhi. Safi. Vya mchana vimepasuka tena. Meneja ataka nitie sahihi kwamba mwenye kosa ni Kadzo, ili Ijumaa aende zake. Hasemi kwamba Kadzo huchanganya mchana siku zote, na Juma asubuhi siku zote. Sasa kosa ni la mtu au la saa? Sitii sahihi. Ng'o!

Jumanne, 4 Februari
Nimemwambia meneja zamu tuzipigie kura, kama akina mama wa chama wakipangiana zamu za pesa. Karatasi mbili za majina bakulini kila siku. Wa kwanza kutoka achanganye asubuhi, wa pili mchana, mafuta na magadi yale yale. Kacheka. "Uganga huo, Zuhura." Uganga ni kumfukuza mtu bila kujaribu! Amekubali shingo upande, kwani bila sahihi yangu hana ripoti. Kura imempa Kadzo mchana. Nyufa.

Jumatano, 5 Februari
Kadzo mchana tena. Kanivuta kando: "Dada, wanangu watakula nini? Badilisha hiyo karatasi, nani atajua?" Nitajua mimi. Nikichagua mimi, si kura tena. Nimekataa. Hakunisemesha hadi jioni. Imeniuma, wallahi.

Alhamisi, 6 Februari
Kura imegeuka! Kadzo asubuhi: laini. Juma mchana: nyufa tele. Karibu nipige vigelegele. Na meneja? Eti basi wote wawili hawafai. Hasira zikanipanda. Nimemwambia mbele ya watu: kesho Juma apumzike, jina lako liingie bakulini. Hakuweza kukataa.

Ijumaa, 7 Februari
Meneja, mchana. Mungu si Athumani. Kakunja mikono ya shati, kachanganya mwenyewe, na sisi tunatazama. Jioni vipande vyake vimepasuka kuliko vya Kadzo. Ripoti kaichana. Samahani hakusema.

Jumatatu, 17 Februari
Kama si mtu, basi ni kitu cha mchana, na mchana ndipo mlango wa malori hufunguliwa. Wiki nzima tumeupigia kura: mchana huu ufungwe, mchana huu uwe wazi. Ukifungwa, hakuna ufa. Ni upepo tu, unaingia chumba cha kupozea malori yakipakia. Sasa wanapakia asubuhi na mapema, kabla sabuni haijamiminwa.

Kadzo amerudi zamu yake ya mchana. Leo ameniletea mahamri, akayaweka mezani. Nimeyala yote.

Kipande kimoja cha meneja nimekuja nacho nyumbani, Miritini. Nimefulia leso zangu. Kinatoa povu vizuri tu.