Siku Niliyomwamuru Mjomba

Boma la Newala, mwaka wa pili tangu vita vya Maji Maji

Kwa Mama yangu Mwanaisha, Masasi.

Shikamoo Mama. Mimi mzima, ila miguu inaniuma kwa kutembea. Na wewe, kifua kimepoa? Bibi anakula? Mwalimu Dunstan akusomee polepole, maana nimeandika kwa shida.

Mama, hapa bomani mambo yamegeuka. Imekuja sheria mpya kutoka Ulaya. Askari wa vita wamebaki na afisa wao, sisi tumetengwa tuwe polisi, chini ya bwana shauri, yule Mdachi anayeamua kesi za watu. Tumekatazwa kuchukua kitu cha raia, hata muhogo. Na mimi, kwa kuwa najua kuandika majina, wamenipa utepe. Sasa mimi ni ombasha, mkubwa wa askari wachache. Mjomba Bwanali yuko chini yangu.

Usishtuke. Mtu aliyenipeleka jandoni, nimwamuru? Wenzangu walinicheka, wakasema ombasha wao ana sauti ya mwali aliyefungiwa ndani. Kila asubuhi nachuchumaa kwanza mlangoni kwa mjomba, namwamkia, akishaitika marahaba ndio naenda kumpanga mstarini.

Juzi tulikwenda Makote. Bibi mmoja alikuwa amebakiwa na kuku mmoja tu, vita vilimmaliza kama vilivyomaliza ghala lako. Mjomba akamkamata yule kuku, akamtia kwapani kama zamani. Bibi hakulia, alitazama utepe wangu tu. Askari wote wakanitazama. Nikaona nikinyamaza, kesho kila mtu atabeba lake. Nikisema, na mjomba akininyima radhi, nitaipata wapi nyingine?

Mama, nilipiga ukelele. Askari Bwanali, weka chini! Watoto wakakimbia. Mjomba akamweka kuku chini, akasimama wima, akanipigia saluti. Tangu hapo hanicheki mtu.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Jioni nilikwenda kumwomba radhi. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema alimkamata makusudi, sauti ya mpwa wake imelala mno na yeye kachoka kuingojea. Tena wakiona yeye katii, nani atabisha? Akaniwekea mkono kichwani, akasema nikuandikie kwamba mtoto wa dada yake ana sauti.

Kama ni kweli sijui, Mama, maana yule kuku alikuwa amenona.

Nisalimie Pili na majirani wote. Bibi mwambie sikumvunjia mjomba heshima.

Mimi mwanao,
Ombasha Safari

Hilo neno la mbele ya jina, mjomba ndiye kaniambia niliandike.